Kafara ya Siku Tatu

Maji yalikuwa yamekatika Bellevue, Johannesburg, tangu Jumatatu. Alhamisi, lori la manispaa liliposimama kwenye kona ya spaza, kiduka cha Wasomali, foleni ilikuwa imeshazunguka ukuta wa kanisa. Tabia alikuwa na ndoo mbili na dumu moja lililopasuka mdomo, ameliziba kwa mfuko wa nailoni. Unga wa maandazi ulikuwa chumbani kwenye beseni tangu alfajiri, mkavu, unasubiri maji. Maandazi yasipofika madrasa kabla ya mchana, watoto hununua chipsi, naye hurudi nayo kama alivyokwenda.

Nyuma yake alisimama Nusaiba, mke wa fundi simu. Wote wawili ni watu wa Tanga. Nusaiba alikuwa amejifunga kanga mbili kwa ajili ya baridi, na mikono yote ameificha ndani.

"Mama Naseeb, mwanao anafanya kazi wapi siku hizi?"

"Hotelini. Kule Braamfontein."

"Hoteli gani?"

"Ya wageni. Mimi nitazijulia wapi hoteli za watu?"

Nusaiba akaisukuma ndoo yake kwa mguu. "Lile gari linalomshusha pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani, limeandikwa ubavuni. Mtoto wa dada yangu kalisoma. Si hoteli, mwenzangu. Ni baa. Baa ya wanaume kwa wanaume."

Hakuishusha sauti. Mbele yao mwanamke wa Kirundi aligeuka, kisha akajifanya anaangalia lori.

"Labda anaosha vyombo," Tabia alisema.

"Na mimi nikasema hivyo hivyo. Nikasema jamani, labda kijana wa watu anaosha vyombo." Nusaiba akatua kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi. "Lakini ni vyombo gani hivyo vinavyotoboa sikio?"

Watu wakacheka. Si wengi. Wawili, watatu. Tabia akatazama miguu yake mpaka zamu yake ikafika, na hata mwanamume wa lori alipomwambia, "Eish, mama, songa," hakusikia mara ya kwanza.

Maandazi yalifika madrasa kwa wakati. Lakini jioni alipokwenda kuchukua beseni, alilikuta mlangoni, limefunikwa kwa kitambaa chake mwenyewe. Alipolinyanyua lilikuwa zito. Halikupungua hata andazi moja.

"Leo watoto hawana njaa," mwalimu alisema, akafunga mlango.

* * *

Naseeb alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa mtoto wa pekee; baba yake alifariki Jeppestown, kwenye karakana ya vyuma, Naseeb akiwa bado Tanga kwa bibi yake. Bibi ndiye aliyemlea mpaka akawa na ndevu, ndipo Tabia akamwita Johannesburg. Humu chumbani, kati ya kitanda chake na godoro la mama yake palikuwa na pazia tu, na nyuma ya pazia hilo Naseeb hakuwa mtu wa maneno. Alikula, akashukuru, akalala.

Miezi michache nyuma alirudi mdomo umepasuka na jino linacheza. Akasema vibaka. Baada ya hapo ndipo lile gari likaanza kumleta karibu na nyumbani.

Ijumaa baada ya swala Tabia alipanda teksi mpaka Braamfontein, akauliza, akaonyeshwa. Alitegemea kukuta jambo la kufumba macho. Alikuta viti vimepinduliwa juu ya meza, sakafu ina maji ya dawa, harufu ya bia ya jana. Mezani mwanamume mnene wa makamo, miwani puani, alikuwa anashona vipande vya kung'aa kwenye gauni la rangi ya zambarau. Naseeb alikuwa nyuma ya kaunta, anafuta glasi na kuzipanga, na anacheka. Anacheka mdomo wote, kichwa kimekwenda nyuma, kama alivyokuwa akicheka kwa bibi yake alipokuwa mdogo.

Hicho ndicho kilichomchoma Tabia kuliko yote. Hakukumbuka lini mwanawe alicheka hivyo kwake.

"Mama?" Glasi ikabaki mkononi mwa Naseeb.

"Hii ndiyo hoteli?"

Mwanamume wa gauni akaweka sindano chini, akasimama, akafuta mkono kwenye suruali kabla ya kuutoa. "Jambo sana, mama. Mimi ni Hénock, wa Bukavu. Uko muzima? Naseeb anatuambia juu ya mandazi yako kila siku. Leo umetuletea?"

Tabia hakuupokea mkono. Hénock akauangalia, akaurudisha, akarudi kwenye sindano yake bila kununa.

Akatoka mwanamke mrefu mwenye shada la funguo kiunoni. Huyu ndiye aliyekuwa msimamizi, Lorraine, Mkenya. "Mama, karibu, keti. Chai iko. Ama unataka soda?"

"Nimemfuata mwanangu."

"Sawa. Lakini keti kwanza."

Tabia akakaa. Lorraine akavuta kiti mbele yake. "Mama, najua vile watu wanasema. Sikukatazi kuskia. Lakini nikuambie. Hapa kwa mlango kuna askari wetu. Kuna vijana hukaa pale kwa robot wanangoja watu wetu wakitoka, wanawapiga. Tumeenda polisi. Polisi wanakuja hapa wanakunywa ya bure, wanaenda. Naseeb walimpata wakampiga. Ndio sasa tunapeleka kila mtu na gari mpaka kwake."

"Aliniambia vibaka."

"Angekuambia nini?"

Naseeb alikuwa amesimama, kitambaa begani. Kwenye sikio lake la kushoto palikuwa na kipini kidogo, si kikubwa kuliko punje ya mtama.

"Wakili wetu anamshughulikia karatasi za kuomba hifadhi," Lorraine aliendelea. "Mwezi ujao anasikizwa. Akipewa, hakuna mtu atamgusa, si polisi, si nani. Kitu moja tu: asitoke nchi. Akivuka mpaka, imeisha."

"Mama, mu hii nyumba hakuna mutu atamugusa," Hénock alisema bila kuinua macho. "Kule inje, sijui. Kwa bakubwa benu, sijui. Mimi mama yangu alinipeleka kwa bakubwa."

"Wakafanya nini?"

Hénock akakata uzi kwa meno. "Niko hapa," alisema.

Tabia akanyanyuka. Naseeb akamsindikiza mpaka barabarani, wakasimama wote wawili kwenye jua la baridi kama watu wanaosubiri mtu wa tatu.

"Wewe ni kama hao?" akamuuliza.

Naseeb akanyoosha mkono. Akamrekebishia ushungi uliokuwa umeteleza, kisha akamsimamishia teksi.

* * *

Beseni lilirudi limejaa tena, na tena. Mwanamke wa Kirundi alianza kununua mawili mawili kwa huruma, na huruma hiyo Tabia aliiona mbaya kuliko kunyimwa. Kisha Mwenyekiti akamwita.

Salum alikuwa mwenyekiti wa umoja wa Watanzania wa pale. Mtu akifa, Salum ndiye anayepiga simu maiti ikasafirishwa. Mtu akifungwa, Salum ndiye anayejua aende kwa nani. Nyumba aliyokaa Tabia, iliyogawanywa kwa mbao vyumba tisa, ilikuwa chini ya mkono wake. Alimpokea nyuma ya duka lake la simu, mbele yake sahani ya pilau.

"Mama Naseeb, umekula?"

"Nimekula, Mwenyekiti."

"Mimi ningekuwa wewe, chakula kisingepita."

Tabia akabaki amesimama. Kiti kilikuwepo, lakini hakukaribishwa.

"Sisi hapa wageni," Salum alisema, akitafuna. "Wenye nchi wanatutafutia sababu. Unajua walivyotufukuza na kutuchomea kule Alexandra. Kesho wakisema Watanzania wanaleta ushoga, nyumba itakayochomwa ni ya nani? Yako peke yako?"

"Lakini baa si yetu, Mwenyekiti. Ni ya wenye nchi hao hao."

Kijiko kikasimama hewani. "Unanisomesha?"

"Hapana, baba. Nisamehe."

"Umoja haumtupi mtu. Nimeshaongea na kaka yako Khatibu, Tanga. Yuko tayari kumpokea. Kuna shehe mzuri pale, atasomewa, atatulia, ataozwa. Basi la Dar linaondoka Jumapili, tiketi juu ya umoja. Wewe kazi yako ni moja, kumpandisha."

"Hatakubali. Ana mambo ya karatasi mwezi ujao. Akivuka mpaka hana ruhusa ya kurudi."

"Najua. Wakimgongea muhuri pale mpakani Beitbridge, miaka mitano hakanyagi hapa. Wewe unaona hiyo ni hasara?" Akatabasamu. "Ataswali. Atazaa. Utakwenda kucheza na wajukuu."

"Hatapigwa?"

"Nani ampige? Si mtoto wetu?"

Tabia akatazama pilau. Ilikuwa na bizari nyingi, nyeusi, kama ya kwao. Akawaza Naseeb kwenye kanzu, mke pembeni, bibi mlangoni anapiga kigelegele. Akawaza beseni tupu.

"Nimwambie nini?"

"Bibi yake si mzee? Wazee huugua."

* * *

Khatibu alituma sauti ya bibi kwenye simu. Bibi alikuwa na pumu tangu zamani. Khatibu alimwambia tu amsalimie mjukuu wake. Kikohozi, halafu: "Naseeb, babu yangu, nimekukumbuka. Njoo nikuone." Kikohozi tena.

Naseeb aliisikiliza mara nyingi, ameketi kitandani, viwiko magotini.

"Mama, nikivuka mpaka kesi yangu imekufa. Unalijua hilo. Lorraine alikwambia."

"Aliniambia."

"Anaumwa kiasi gani?"

"Anakutaja wewe tu. Khatibu anasema hata uji haushuki."

"Kweli, mama?"

"Mimi nikuongopee juu ya mama yangu?"

Naseeb akamtazama. Macho yake yalikuwa ya baba yake. "Niapie," alisema. Hakusema kwa kumshuku. Alisema kama mtu anayetaka kushikwa mkono kabla ya kuruka mtaro.

Nje, nyuma ya mbao, redio ya jirani iliimba. "Wallahi," Tabia akasema.

Ikawa imekwisha. Naseeb akaanza kukunja nguo. Shati aliloandaa kwa siku ya kesi, jeupe, bado lina pini za dukani, aliliacha kwenye msumari. Mwisho akakitoa kile kipini sikioni, akamwekea mama yake kiganjani. "Bibi asikione. Nishikie mpaka nirudi."

Tabia akakifunga kwenye pindo la kanga.

* * *

Jumatatu alikwenda kwa mke wa ustadh, akajifanya anauliza kwa niaba ya jirani. Mtu akila yamini ya uongo?

"Ana kafara. Alishe maskini kumi."

"Na asipokuwa nacho?"

"Afunge siku tatu." Mke wa ustadh akacheka. "Na maskini kumi atawatoa wapi, si ndio sisi wenyewe?"

Tabia akafunga. Alikanda unga, akachoma maandazi, moshi wa mafuta unampiga usoni na tumbo tupu, na hakuonja. Moyo wake ulikuwa unafuata basi. Siku ya kwanza Naseeb alimwandikia: *Nimegongewa muhuri. Miaka mitano. Si kitu mama, bibi kwanza.* Ya pili aliandika kutoka Zambia kwamba kiti cha jirani yake kinavuja mafuta ya nazi, mama mmoja kabeba ya kuuza, wote wananukia kama maharusi. Tabia alicheka peke yake na swaumu yake. Siku ya tatu: *Niko Tunduma. Naingia nyumbani.*

Magharibi ilipoadhiniwa kwenye simu, alifungua kwa tende na maji ya ndoo. Akahisi mwepesi. Akaswali, akaomba, akamwambia Mungu kwamba deni lake la ulimi amelilipa lote. Alilala mpaka alfajiri bila kuota.

Baada ya hapo hakukuwa na ujumbe. Akapiga, haikupatikana. Akampigia Khatibu, iliita, ikakatwa.

Beseni, lakini, lilirudi tupu. Limeoshwa.

Jumatano ya wiki iliyofuata, akitoka sokoni, alimkuta Lorraine kwenye kona, ndani ya lile gari lenye maandishi, kioo kimeshushwa. "Mama, Naseeb hashiki simu. Wakili ananiuliza. Alienda wapi?"

"Bibi yake mgonjwa."

"Alivuka mpaka?"

Tabia akatazama kulia na kushoto, kuona kama kuna mtu anamwona na gari hilo. "Ameshafika," alisema. Lorraine akashika usukani kwa mikono miwili, halafu akaondoa gari polepole.

* * *

Video ilikuja kwenye kundi la akina mama. Nusaiba ndiye aliyeituma, na chini yake akaandika: *Allah atuhifadhie watoto wetu.*

Tabia alikuwa anakanda. Aliifungua kwa kidole chenye unga.

Ilikuwa ofisi yenye ukuta wa bluu chini na mweupe juu. Khatibu kaka yake alikuwa amesimama mbele, shati limepigwa pasi, beji ya chama kifuani; alikuwa anagombea uenyekiti wa mtaa. "Sisi hatufichi uchafu," alikuwa anasema, "hata ukiwa wa damu yetu. Mpwa wangu huyu. Nimempokea stendi kwa mkono wangu, na kwa mkono wangu nimemleta kwa vyombo vya sheria. Nani mwingine angeweza?" Watu wakapiga makofi.

Kisha simu ya mpigaji ikashuka. Naseeb alikuwa amekaa sakafuni, miguu peku, mkono mmoja amefungwa kwenye mguu wa meza. Jicho moja lilikuwa limeziba.

"Sauzi ulikuwa unafanya kazi gani?" sauti ikamuuliza.

"Baa."

Kicheko.

"Mama yako anajua uko hapa?"

Naseeb akainua uso. Alikuwa anatafuta lile jicho la simu liko wapi, ili aongee nalo vizuri.

"Mama anajua nimekuja kumuuguza bibi," alisema. "Jamani, nawaombeni. Mniache kwanza nikamwone bibi, halafu nitarudi mwenyewe."

Kicheko kikawa kikubwa, na video ikaishia humo.

Tabia alikwenda dukani kwa Salum na unga ukiwa umemkaukia mpaka viwikoni. Kulikuwa na mteja anatengenezewa kioo. Salum alimalizana naye kwanza.

"Ulisema atasomewa."

"Atasomewa. Hata jela kuna mashehe."

"Ulisema ni mtoto wetu."

"Na ni wetu. Ndiyo maana hakuuawa njiani." Akapangusa kaunta pale mkono wa Tabia ulipoacha unga. "Usinipigie kelele, Mama Naseeb. Mimi nilikukatia tiketi. Kuapa niliapa mimi?"

Hakujua Tabia kiapo chake kilimfikiaje, kama Naseeb alimsimulia mtu ndani ya basi, au ni mbao za nyumba ile zinazosikia.

"Jumamosi tuna maulidi," Salum alisema, sasa kwa upole. "Umoja umeamua maandazi yote uchome wewe. Gunia la unga nimeshalileta mlangoni kwako. Nenda kapumzike."

* * *

Ijumaa maji yalikatika tena. Lori liliposimama pale kwenye kona ya spaza, Tabia alikuja na ndoo zake mbili na dumu la mdomo uliopasuka. Maandazi ya maulidi yalihitaji maji mengi.

"Pita, Mama Naseeb," mtu alisema. "Mpisheni mama."

Wakampisha. Mmoja akamshikia dumu. Nusaiba akamwekea mkono mgongoni na kumsogeza mbele, mbele kabisa, mpaka kwenye bomba. "Umefanya la mama," akamwambia sikioni. "Wengine tusingeweza."

Mwanamume wa lori akafungua. Maji yakaanza kupiga chini ya ndoo.

Nyuma yake simu ya mtu ikaguna, kisha nyingine. Kuna aliyekuwa bado hajaiona ile video. *Mama yako anajua uko hapa?* ilisema simu moja, karibu na ukuta wa kanisa. *Mama anajua,* ikajibu nyingine iliyotangulia. Sauti ya Naseeb ikaenda chini ya foleni na kurudi, hapa inaanza, pale inaomba, kule inachekwa. *Nimekuja kumuuguza bibi, kumuuguza bibi, nikamwone bibi kwanza.* Mtu akasema, punguzeni sauti jamani, mwenyewe yupo. Hazikupungua zote kwa pamoja.

Tabia alishika pindo la kanga, pale penye fundo la kipini.

"Mama, imejaa," mwanamume wa lori alisema. "Mama. Toa ndoo."

Maji yalikuwa yanamwagika juu ya viatu vyake, yanateremka barabarani kuelekea kwenye robot, na wanawake wote waliokuwa nyuma yake walikuwa wananyanyua kanga zao na kuyaruka.